Msituulize saizi kabla hamjatupima

Mhariri,

Katika miaka kumi na saba niliyokaa nyuma ya cherehani hapa Kibokoni, sijapata kumkatia mtu nguo kwa simu. Awe jirani wa ukuta kwa ukuta, aape kwamba kifua chake ni inchi 36 tangu aolewe, nitamwambia apande ghorofani, avue buibui, nimpime. Kwa hivyo mwezi wa Machi nilipopigia kliniki moja ya urembo kuuliza habari za vipandikizi vya matiti, yaani vile vifuko vya jeli vinavyotiwa ndani ya titi kulijaza, na sauti ya upande wa pili ikanambia hata kabla ya kujua jina langu, "Dada, wataka saizi ngapi? Tuna 350, tuna 400, na 450 ndiyo inayokwenda sana," nilidhani nimekosea nambari nimepiga duka la ndala.

Kliniki hiyo siitaji. Sina kesi nayo. Nina kesi na swali lake, kwa sababu tangu siku ile nimelisikia kila pahali: saluni, kwenye maarusi, na hapahapa kwangu wateja wanaponong'ona huku nimewazungushia tepu. Fulani ametia 400, na mimi nitatia 400. Utadhani ni rangi ya dera.

Nina miaka 39 na watoto watatu. Wote nimewanyonyesha miaka miwili miwili, na wa mwisho sasa anakwenda madrasa na mkoba wake mwenyewe. Kifua walichoniachia ni kama mfuko wa kanzu uliotolewa kilichokuwemo: kitambaa kipo, kilichokijaza hakipo. Fedha ninazotaka kutumia ni zangu, za chama, nilizoweka miaka minne, na hesabu niliyopewa ni laki nne na nusu. Suala la halali na haramu nimeliuliza kwa mwenye elimu, jibu ninalo, na sikuja nalo gazetini. Baba watoto nilimwambia siku ya kwanza. Yeye ni mtu wa bandarini, maisha yake yote ni makontena na winchi, na swali lake lilikuwa moja tu: "Uzito wake?" Nilimcheka wakati ule. Baadaye niliona ndilo swali la maana zaidi nililoulizwa na mtu yeyote.

Mamangu, aliyezaa saba, alinambia, "Mwanangu, titi likishanyonyesha limefanya kazi yake." Sikubishana naye. Lakini kuna neno moja linalotembea mjini ambalo ni lazima nilikanushe kabla sijaendelea, maana nilimsikia kwa masikio yangu msichana wa mimba ya kwanza akisema mtoto wake atampa chupa ili asijiharibu kifua. Kunyonyesha hakuangushi matiti. Madaktari wamelichunguza jambo hili, na waliyoyakuta ni mengine: mimba zenyewe na idadi yake, umri, unene wa mwili, sigara. Mwanamke akishika mimba tezi za maziwa huvimba, na ngozi hutanuka kuzifuata. Tezi zikisinyaa baadaye, ngozi hairudi yote. Anayempa mtoto chupa ameshapita njia hiyohiyo, ila amemnyima mtoto haki yake na kifua kikalegea vilevile.

Sasa turudi kwenye 400. Nina mteja wangu mmoja aliyeichukua nambari kutoka kwa shoga yake. Shoga mtu ni pande la mwanamke, mabega mapana, na kwake ilikaa ungedhani kazaliwa nayo. Mteja wangu mwenyewe ni mwembamba. Chini ya matiti nikimzungusha tepu sipati zaidi ya inchi 30. Alipokuja kushonesha gauni la kupamba la mdogo wake, nilijua kabla hajanambia. Pande mbili zimemtoka hadi kwapani, mikono haimlalii vizuri ubavuni. Kwa juu ngozi ni nyembamba, na akiinama waona mikunjo kama ya kitambaa kilichotiwa mpira. Gauni lile nilifumua mara tatu. Sikumwambia kitu, kazi yangu ni nguo. Ila aliponiuliza kama naweza kumtengenezea sidiria yenye mikanda mipana kwa sababu mabega yanamkata, nilikwenda jikoni kutia maji ya chai ili asinione uso.

Nilitaka kwanza niwe na hakika na mtu, ndipo niende. Sote twakumbuka mwaka 2024, mwanamke alivyofariki Nairobi baada ya upasuaji wa urembo, na nchi nzima ikaanza kuulizana nani ana leseni na nani hana. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, lina sajili ambayo mtu yeyote aweza kuitazama kwenye simu. Nililitafuta jina la daktari, nikalikuta, nikaangalia pia ameandikwa kuwa bingwa wa nini. Ndipo nikaenda.

Huyu daktari, Mhariri, alitoa tepu. Nusura nimkumbatie.

Alipima kwa sentimita na mimi ni mtu wa inchi, kwa hivyo nilikuwa nageuza kichwani huku amenishika. Kwanza alipima upana wa kitako cha titi, yaani pale linaposhikana na kifua, kutoka karibu na mfupa wa katikati hadi ubavuni. Kwangu ni sentimita 12. Kisha akabana ngozi ya juu ya titi kwa vidole viwili kuona kuna nyama kiasi gani ya kukificha kitakachotiwa. Akapima kutoka chuchu hadi mkunjo wa chini, mara ngozi ikiwa imelegea, mara ikiwa imevutwa. Akanionyesha kwenye kioo kwamba la kushoto limezidi la kulia, jambo ambalo nalijua, maana watoto wangu wote watatu walipenda kushoto. Katika wanawake mia niliowapima sikumbuki mmoja aliyekuwa sawasawa pande zote, na hilo nilimwambia. Akanambia ndiyo maana wengine hutiwa vya saizi mbili tofauti.

Kisha ndipo akaniuliza nataka nini. Nilikuwa nimejitayarisha. Nikampa simu, picha ya mwaka ule wa kifungua mimba wangu, nimevaa gauni la zambarau nililolishona mwenyewe, nimekaa kwenye mkeka na shangazi zangu. "Nataka haya," nikamwambia. Akaitazama sana.

"Mtoto alikuwa na umri gani hapa?"

"Miezi mitatu."

"Basi haya ni maziwa, mama."

Nilinyamaza. Miaka yote hiyo nimekuwa nikiililia picha ile nikiamini ndiyo mimi wa kabla ya uzazi, kumbe wa kabla ya uzazi simkumbuki hata sura ya kifua chake. Nilichokuwa nakitamani ni maziwa. Na ujazo ule ule ndio uliotanua ngozi. Kutaka kurudishiwa ujazo ule wa kudumu, usiku na mchana, ni kuitaka ngozi iliyokwisha choka ibebe tena mzigo uliochosha, safari hii bila kushushwa.

Nambari zenyewe ni mililita. Kipandikizi cha 400 kina ujazo wa mililita 400, basi, na nambari hiyo haisemi kitu juu ya upana wake wala urefu wake wa kwenda mbele. Mililita zilezile hutengenezwa pana na bapa, au nyembamba na ndefu, kama vile kitambaa cha mita mbili kinavyoweza kuwa sketi au suruali. Kwa kitako cha sentimita 12, kipandikizi cha 400 chenye upana wa kawaida kingenipita, kikaenda kwapani kama kwa yule mteja wangu. Nikitaka 400 iliyo nyembamba itakaa ndani ya upana wangu, lakini itasukuma mbele kama kikombe, na ngozi yangu ya juu haina unene wa kuificha kingo zake. Daktari akasema kwangu mimi hesabu inaanguka kwenye 250 hadi 300, akapendekeza 275.

Nilirudi nyumbani nimenuna kidogo, nikiri. Kutoka 400 hadi 275 niliona kama nimepunjwa na muuza samaki.

Nikamwandikia ujumbe: kwa nini isiwe 300? Jibu lilikuja usiku. Tofauti ya 275 na 300 ni mililita 25, sawa na vijiko vitano vya chai, na ndani ya mwili jicho haliioni. Kuna wanawake hukosa usingizi wiki nzima kwa vijiko vitano vya chai. Kinachoonekana ni upana usiolingana na kifua.

Pia alikuwa amenieleza jambo ambalo naona kina mama waliozaa hawaambiwi vya kutosha. Kipandikizi hujaza, hakiinui. Kama chuchu imeshuka chini ya ule mkunjo wa chini wa titi, kipandikizi peke yake hakitaipandisha, na hapo kazi inayotakiwa ni kuinua matiti: ngozi iliyozidi inakatwa, chuchu inahamishwa juu, na kovu linabaki. Wengi hawalitaki kovu, kwa hivyo wanaomba saizi kubwa, wakitumaini itaivuta ngozi mpaka ikaze. Mimi hilo sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Tia sarafu za shilingi ishirini kwenye mfuko wa kanzu uliolegea uone kama mfuko utapanda juu. Wangu bado uko mpakani, chuchu iko juu ya mkunjo kwa kiasi cha unyoya, kwa hivyo naweza kwenda bila kuinuliwa iwapo tu sitatia kikubwa.

Basi nikafanya ninachokijua. Nilichukua mabaki ya pamba niliyonunua Biashara Street, nikashona vifuko vya duara, jozi ya 275 na jozi ya 400, kila kimoja na upana wake. Nikapima mchele kwa jagi la keki, nikajaza, nikatia ndani ya sidiria laini isiyo na sponji, nikavaa fulana juu. Kwa umbo, mchele unatosha. Kwa uzito unadanganya: mililita 275 za mchele mizani ya duka la chini ilisoma gramu 230 hivi, na jeli ya silikoni uzito wake unakaribia wa maji. Kwa hivyo uzito niliujaribu siku nyingine kwa vimfuko vya maji, kimoja kikanipasukia juu ya hariri ya mteja, na hiyo ni hadithi nyingine yenye gharama yake.

Nilianza na 400, kwa ukaidi. Vioo vyangu vitatu vya kupimishia wateja vilinambia nimependeza, sitadanganya. Kisha nikaketi kwenye cherehani. Mtu asiyeshona hajui kwamba fundi huinama kuifuata sindano kwa macho. Nilipoinama kifua kikanizibia sindano. Ikabidi nirudi nyuma nishone mkono ukiwa umenyooka kama aendeshaye lori. Jioni nikavuka feri kumtembelea dadangu Likoni, na wasomaji wa Mombasa wanaujua ule mteremko, watu wanavyokimbia kengele ikilia. Nilikimbia hatua kumi nikajishika kwa mikono miwili mbele za watu. Dadangu aliponiona mlangoni alisema, "We, umebeba nini?" Jozi ya 400 ni gramu 800 za jeli. Jozi ya 450, ile inayokwenda sana, ni gramu 900, karibu na kilo ya sukari, na kilo hiyo huwezi kuitua mezani ukichoka.

Siku ya 275 nilikata magauni mawili na koti, na saa tisa alasiri binti yangu akanambia, "Mama, mchele unavuja." Nilikuwa nimesahau kama nimevaa.

Nilisoma pia, kwa kadiri ya uwezo wangu. Mwanamke wa kwanza duniani kutiwa vipandikizi vya jeli ya silikoni alikuwa Timmie Jean Lindsey, wa Houston, Texas, mwaka 1962. Alikuwa mama wa watoto sita. Alikwenda hospitali kuondolewa chale za rangi kifuani, na madaktari Frank Gerow na Thomas Cronin wakamshawishi akubali kifaa chao kipya. Yeye mwenyewe alichokuwa anataka kurekebishwa ni masikio. Wakamrekebishia na masikio. Nimeicheka hadithi hii na nimeisikitikia, na kila nikiikumbuka naisikia ile sauti ya simu: tuna 350, tuna 400.

Marekani hiyohiyo ilivizuia vya jeli kwa shughuli za urembo mwaka 1992, ikaviruhusu tena 2006, na tangu 2021 mamlaka yao ya dawa na vifaa vya tiba imetaka kila mwanamke apitie pamoja na daktari orodha ya madhara, nukta kwa nukta, kabla ya kukubali. Orodha hiyo inapatikana kwenye intaneti na mimi nimeisoma kwa msaada wa mwanangu mkubwa. Vipandikizi si vya maisha. Kadiri miaka inavyokwenda ndivyo uwezekano wa kurudi kwenye kisu unavyoongezeka. Mwili hujenga kovu kukizunguka kile kitu kigeni, na kwa baadhi ya wanawake kovu hilo hukaza hadi titi linakuwa gumu na kuuma. Ganda laweza kupasuka usijue, kwa kuwa jeli haimwagiki kama maji, ndiyo sababu wanashauri upigwe picha ya altrasaundi au MRI mwaka wa tano au wa sita, kisha kila miaka miwili au mitatu. Ipo pia saratani moja adimu ya limfu iliyohusishwa zaidi na vile vyenye ganda la kukwaruza. Na ukimaliza, dai kadi yenye jina la mtengenezaji na nambari ya kipandikizi chako. Wanawake wa Ufaransa na nchi nyingi nyingine walijua thamani ya kadi hiyo mwaka 2010, ilipogundulika kwamba kampuni ya PIP ilikuwa ikivijaza vipandikizi vyake silikoni ya viwandani.

Kliniki za mji wetu zinajua haya yote kuliko mimi. Kwa nini basi tangazo linaanza na nambari? Ninavyoona mimi, nambari ni rahisi kuuza. Kipimo kinachukua nusu saa, na kwa wengine kinaishia na daktari kusema, wewe hukuhitaji hiki, au, ngoja. Mimi mwenyewe niliulizwa mtoto ameacha ziwa lini, kwa sababu kifua kinahitaji miezi kadhaa baada ya kuachisha ndipo kitulie na kionyeshe saizi yake ya kweli, na niliulizwa kama nimemaliza kuzaa. Yule wa simu hakuniuliza. Ningekuwa nanyonyesha siku ile, angeniwekea nafasi.

Ninachoomba si kikubwa. Waandike kwenye matangazo yao bei na jina la daktari, waache hizo 350 na 450. Mwanamke akipiga simu aambiwe njoo upimwe, na akishapimwa apewe vipimo vyake kwenye karatasi aende navyo nyumbani, kama mimi ninavyowaandikia wateja wangu kwenye daftari hata wakienda kushona kwa fundi mwingine. Nanyi mlio nazo tayari, mnapoulizwa na mashoga zenu, msitaje nambari peke yake. Tajeni na upana wa kifua chenu, na watoto mliozaa, na kama mwalala kifudifudi.

Mimi nimeandikiwa tarehe, baada ya watoto kufunga shule. Ni 275. Hata hivyo daktari amenambia wazi kwamba siku ya kazi, nikiwa nimelala pale, ataweza kubadilisha kidogo kwa kila upande, maana kushoto ni kushoto, na nimemkubalia.

Vile vifuko ninavyo bado, nimevifua na kuvianika, jozi zote mbili. Yeyote anayetaka kuvijaribu kabla hajapiga simu, mlango wangu uko wazi kila siku isipokuwa Ijumaa mchana. Mchele aje nao mwenyewe.

Fundi wa Kibokoni,
Mombasa
(Jina limehifadhiwa)